Picha ipo, sauti hakuna: kutibu sauti ya video kwenye deki, TV na king'amuzi

Flashi imesomwa, picha inakuja safi, midomo inacheza, spika kimya. Ukiichomoa flashi hiyo hiyo ukaichomeka kwenye laptopu, sauti inatoka bila wasiwasi. Hapo ndipo watu wengi, Arusha na Moshi kama kwingineko, wanapobeba deki kwenda kwa fundi, na fundi akiifungua hakuti kilichoungua, kwa sababu hakuna kilichoungua. Sauti iliyomo ndani ya faili imeandikwa kwa kodeki (njia ya kuibana na kuifungua sauti) ambayo kifaa chako hakiijui, basi. Kinachotakiwa kubadilishwa ni faili, tena si lote. Picha haiguswi kabisa. Unabadilisha sauti peke yake, na muvi ya saa mbili inamalizika ndani ya dakika chache hata kwenye laptopu kuukuu. Anayekuambia ni lazima uikonveti muvi nzima usiku kucha anakumalizia umeme wa luku bure.

Kwanza waya, rimoti na setingi

Cheza faili jingine ambalo una hakika lina sauti, au weka CD ya kawaida. Nayo ikiwa kimya, shida si faili. Angalia waya: njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni ya kulia. Deki nyingi zina tundu za HDMI na za rangi kwa pamoja, na mtu akihamishia picha kwenye HDMI husahau kwamba sabufa bado inasubiri sauti kwenye waya wa rangi.

Halafu bonyeza AUDIO kwenye rimoti mara moja moja huku ukisikiliza. Faili likiwa na lugha mbili, mkondo wa kwanza wa sauti unaweza kuwa wa kodeki isiyojulikana na wa pili ukacheza vizuri. Deki za bei ya chini zina pia kitufe cha L/R, na hiki kinasumbua kuliko watu wanavyodhani. Kikiangukia Mono Right, na VCD yako ni ya nyimbo za injili za kuimba mwenyewe, utasikia ala tupu bila mwimbaji, au mwimbaji bila ala. Rudisha kwenye Stereo.

Setingi ya tatu imejificha ndani ya Setup, upande wa Audio, kwa jina la Digital Output au SPDIF. Kwa kawaida ina Off, RAW (au Bitstream) na PCM (sauti iliyokwisha kufunguliwa, isiyobanwa). Ikiwa RAW, deki haifungui sauti. Inaituma ilivyo, ikitegemea TV au redio ya mbele iifungue. TV isiyo na Dolby au DTS, kodeki mbili za sauti ya muvi, itanyamaza. Weka PCM, deki ifanye kazi yenyewe. Kwenye TV ni hivyo hivyo: wenye sabufa ya waya wa rangi hununua konveta ndogo ya kutoka tundu la optiko, na hizo za bei rahisi hupokea PCM tu. Ukiipa Dolby inatoa mlio kama wa mvua kwenye bati, au haitoi kitu. TV ikishawekwa PCM, konveta inafanya kazi.

Jua kilichomo ndani

MKV, MP4 na AVI si aina za sauti. Ni magunia. Ukiona gunia limesimama soko la Kilombero hujui ndani kuna mchele au maharage mpaka ulifungue, na kauli ya "deki yangu inasoma MP4" haisemi lolote kuhusu sauti iliyofungwa mle.

Fungua faili kwa VLC kwenye kompyuta, kisha Ctrl+J. Tafuta mkondo wa sauti na usome mstari wa Codec. "A52 Audio (aka AC3)" ni Dolby Digital ya kawaida. "A/52 B" au E-AC3 ni Dolby Digital Plus, ile inayotoka kwenye muvi za mitandao ya kulipia. "DTS Audio" inajieleza. "MPEG AAC Audio" ndiyo rafiki wa wengi. Soma pia idadi ya chaneli na kipimo cha sampuli (mara ngapi sauti imepimwa kwa sekunde, mfano 44100 au 48000); amri za mbele zinakiweka 48000 kwa "-ar 48000". Kama hukuti mkondo wa sauti hata mmoja, usihangaike na deki: faili limeshushwa nusu. YouTube huhifadhi picha za ubora wa juu na sauti yake mafaili tofauti, na programu mbovu ya kushushia inakuletea picha peke yake.

Jina la faili nalo linasema mengi. Likiwa na DTS, DDP5.1, TrueHD au Atmos, tarajia ukimya kwenye vifaa vingi. Likiwa na AAC au AAC2.0, una nafasi nzuri.

Nani anacheza nini? Deki yoyote ya DVD inaijua AC3, kwa sababu AC3 imo kwenye kanuni za DVD tangu mwanzo. DTS haikuwa ya lazima, kwa hiyo kuna zinazoicheza na zisizoicheza. TV ni hadithi nyingine, na bei si kipimo. Samsung waliondoa DTS kwenye TV zao kuanzia matoleo ya 2018. LG wakafanya hivyo 2020, na ikarudi kwenye baadhi ya matoleo ya 2023. Ndiyo maana TV kubwa ya dukani inaweza kunyamazia muvi ambayo TV ya jirani ya zamani inaicheza. TV za majina madogo mara nyingi hazijalipiwa leseni ya Dolby hata ya kawaida. Hizo, pamoja na ving'amuzi vyenye tundu la USB na redio za gari zenye skrini, wape AAC au MP3 ya stirio.

Kwa hiyo: deki ya DVD, AC3. TV ndogo, king'amuzi na gari, AAC ya stirio. Ukiwa hujui faili litachezwa wapi, AAC ya stirio kwa 160k (kilobiti 160 kwa sekunde) ndiyo salama.

Kubadilisha sauti peke yake

Programu ni ffmpeg, ya bure. Haina madirisha ya kubonyeza, unaandika amri. Shusha toleo la Windows, lifungue, chukua ffmpeg.exe uiweke kwenye folda ileile yenye muvi. Fungua folda hiyo, bonyeza kwenye mstari wa juu unaoonyesha njia ya folda, andika cmd, kisha Enter. Kwa deki ya DVD inayosoma MKV:

ffmpeg -i muvi.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -map 0:s? -c copy -c:a ac3 -b:a 448k -ar 48000 muvi_ac3.mkv

"-c copy" inanakili kila kitu kama kilivyo, kisha "-c:a ac3" inatoa sauti kwenye amri hiyo na kuiandika upya. "0:a:0" ni mkondo wa kwanza wa sauti. Ukitaka lugha ya pili andika 0:a:1. Alama ya kuuliza baada ya 0:s inasema manukuu yakiwepo yachukuliwe, yasipokuwepo kazi iendelee. Chanzo kikiwa MP4 chenye manukuu, ongeza "-c:s srt", la sivyo amri itagoma. 448k inatosha chaneli sita, nayo ndiyo kikomo cha AC3 kwenye DVD. Kwa stirio weka 192k. Sauti ikiwa ya chaneli nane, ongeza "-ac 6", kwa kuwa AC3 inaishia sita.

Kwa TV na king'amuzi:

ffmpeg -i muvi.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a aac -b:a 160k -ac 2 -ar 48000 muvi_aac.mp4

Faili litapungua, usishtuke. DTS ya kawaida ya 1509k inakula karibu GB 1.36 kwa saa mbili. AC3 ya 448k inakula kama MB 403. Hiyo ni karibu gigabaiti nzima, nayo inaweza kulishusha faili chini ya GB 4, jambo ambalo deki zinazotaka flashi ya FAT32 (mpangilio usiobeba faili linalozidi GB 4) zinalihitaji.

Asiyependa amri atumie Avidemux: Video Output iache Copy, Audio Output chagua AC3 au AAC, Output Format iwe MKV au MP4, kisha hifadhi. HandBrake usiiguse kwa kazi hii. Ni programu nzuri, lakini haijui kuiacha picha. Lazima iisage upya.

Kuna deki za zamani zisizosoma MKV wala picha ya H.264 (kodeki ya picha ya muvi nyingi). Kwa hizo tu picha inabadilishwa, kwenda AVI:

ffmpeg -i muvi.mkv -c:v mpeg4 -vtag xvid -q:v 4 -vf scale=720:-2 -c:a libmp3lame -b:a 160k -ac 2 -ar 48000 muvi.avi

Hapa MP3 iwe ya kiwango kimoja, kama hiyo 160k. MP3 ya kiwango kinachopanda na kushuka ndani ya AVI huzichanganya deki nyingi, na sauti huanza kuachana na picha kidogo kidogo.

Milio inapasua, maneno hayasikiki

Bunduki inatikisa kabati, watu wakianza kuongea unatafuta rimoti. Kwenye sauti ya chaneli sita maneno hukaa chaneli ya katikati, na kifaa kinapoyakunja kuwa mawili, maneno hupunguzwa na milio ya pembeni hubaki na nguvu yake. Yape maneno nafasi ya mbele:

ffmpeg -i muvi.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -af "pan=stereo|FL<FC+0.5*FL|FR<FC+0.5*FR" -c:a aac -b:a 160k -ar 48000 muvi_maneno.mp4

FC ni katikati, FL na FR ni mbele kushoto na kulia. Alama < inapima jumla isizidi kikomo, ili sauti isipasuke. Besi ya pekee na spika za nyuma zimeachwa makusudi. Kwa TV yenye spika mbili ndogo hutazikosa. Amri hii ni ya sauti ya chaneli sita tu, kwani stirio haina FC.

Kama sauti yote ni ndogo, pima kwanza:

ffmpeg -i muvi.mkv -vn -af volumedetect -f null -

Mwishoni tafuta max_volume. Ikisema -9.2 dB, una nafasi ya kama desibeli 8 kabla ya kupasuka; weka -af volume=8dB mahali pa ile pan. Ikisema 0.0 dB tayari, kuongeza ni kupasua.

Video za harusi na kipaimara

Hizi zina magonjwa yake. Kamera nyingi huandika sauti ghafi ya PCM ndani ya MP4 au MOV, na mpiga picha akikupa faili kama lilivyotoka kwenye kamera, TV itaonyesha picha tu. Amri ya AAC ya hapo juu inatosha.

La pili ni la hila zaidi. Sauti inasikika vizuri kwenye hedifoni, lakini kwenye TV au spika moja hotuba ya mshenga inafifia kama inatoka chumba cha pili, huku kelele za ukumbi zikibaki. Hapo waya wa mikisa wenye nyaya tatu za XLR umechomekwa kwenye tundu la stirio la kamera. Waya huo hubeba sauti ileile mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa kinyume. Kamera imeiweka moja kushoto, iliyogeuzwa kulia. Hedifoni zinapeleka kila moja sikio lake. Spika moja inazijumlisha, zinafutana. Dawa ni kuchukua upande mmoja na kuuweka pande zote:

ffmpeg -i harusi.mp4 -c:v copy -af "pan=stereo|c0=c0|c1=c0" -c:a aac -b:a 160k harusi_sawa.mp4

Amri hiyohiyo inatibu video ambayo maiki ya kifuani ilirekodi kushoto tu na kulia ni kimya. Upande mzuri ukiwa wa kulia, badilisha c0 zilizo baada ya alama za = ziwe c1.

Sauti haiendani na midomo

Tenganisha aina mbili, maana dawa zake hazifanani.

Ya kwanza: pengo halibadiliki, dakika ya tano na dakika ya tisini ni sawa. Cheza kwenye VLC, bonyeza K kuichelewesha sauti au J kuiwahisha; kila mbonyezo ni milisekunde 50, na namba inaonekana kwenye skrini. Midomo ikikaa sawa kwenye milisekunde 300, andika:

ffmpeg -i muvi.mkv -itsoffset 0.3 -i muvi.mkv -map 0:v:0 -map 1:a:0 -c copy muvi_sawa.mkv

Namba ikiwa ya kuwahisha, weka -0.3. Lakini kama kwenye laptopu midomo iko sawa na sauti inachelewa kwenye TV tu, angalia kama sabufa imeunganishwa kwa Bluetooth. Bluetooth inachelewesha sauti yenyewe, na hakuna faili la kurekebisha, tumia waya.

Ya pili: mwanzoni sawa, pengo linakua. Hii ni ya muvi zilizotafsiriwa, pale sauti ya mtafsiri ilipowekwa juu ya nakala ya fremu 25 kwa sekunde, kisha ikabandikwa kwenye picha ya fremu 23.976. Sauti inatangulia karibu dakika mbili na nusu kila saa. Irefushe:

ffmpeg -i muvi.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -af atempo=0.95904 -c:a ac3 -b:a 192k -ac 2 muvi_sawa.mkv

Hiyo 0.95904 ni 23.976 gawanya kwa 25. Pengo likiwa la sekunde 3.6 tu kwa saa, ni fremu 24 dhidi ya 23.976: sauti ikichelewa tumia 1.001, ikitangulia 0.999. Usikisie kwa jicho. Pima pengo sehemu mbili zilizoachana saa nzima ndipo uchague namba.

Inakatika katikati

Sauti ikikatika na picha ikaganda pamoja, mtuhumiwa ni flashi. Flashi feki zimejaa: imeandikwa GB 64, ndani ina 8, na ikishajaa kweli inaendelea kupokea mafaili huku ikiyaharibu. Dalili ni kwamba mafaili ya mwanzo yanacheza, ya mwisho yanakufa. Ipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuijaza. Flashi nzima isiposomwa kabisa na deki, huenda imeformatiwa NTFS au exFAT. Iformati FAT32, ukikumbuka kwamba faili moja halitavuka GB 4. Dirisha la kuformati la Windows nyingi halikubali FAT32 juu ya GB 32; programu ya Rufus inakubali.

Picha ikiendelea vizuri na sauti pekee ndiyo inakatika au haipo, na VLC inasema ni AC3 halali, mashaka yawe kwenye MKV yenyewe. Kuna toleo la zamani la mkvmerge (programu ya kutengeneza mafaili ya MKV, sehemu ya MKVToolNix) lililokuwa likibana vichwa vya pakiti za sauti ili kuokoa nafasi ndogo sana, na deki hazikujua kuvirudisha. Fungua faili kwa MKVToolNix, chagua kila mkondo, kwenye Compression weka "No extra compression", kisha tengeneza faili jipya. Hakuna kinachosagwa upya, ni dakika moja au mbili.

Ukiwa na mafaili mengi

Anayejaza flashi za saluni, kibanda umiza au Coaster za Moshi na Arusha hawezi kuandika amri moja moja. Jaribu kwanza kipande cha dakika mbili kwenye kifaa chenyewe. Weka "-ss 00:20:00 -t 120" kabla ya -i, na nakala ikicheza endelea na folda yote. Tengeneza folda ndogo iitwayo tayari, kisha:

for %f in (*.mkv) do ffmpeg -i "%f" -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a aac -b:a 160k -ac 2 -ar 48000 "tayari\%~nf.mp4"

Ukiihifadhi ndani ya faili la .bat badala ya kuiandika kwenye dirisha, kila % iwe mbili. Skrini nyingi za kwenye magari hupanga mafaili kwa mpangilio yalivyonakiliwa, si kwa majina, kwa hiyo nakili kwa zamu unayotaka yachezwe. Mafaili ya asili usiyafute mpaka umesikiliza mwanzo, katikati na mwisho wa angalau mawili kwenye skrini yenyewe.